GARI LETU JIPYA: TULIWEKE AU TULIRUDISHE?



Hapana mwanachama asiyejua sasa ya kuwa lori letu jipya limeshafika. Liliteremshwa bandarini Mkoani, likaupanda mlima wa mji kwa nguvu zake lenyewe, na hivi sasa ni wiki ya tatu limekaa chini ya paa la ghala yetu Wete, wala halijachukua hata pishi moja ya karafuu. Wengi wametuuliza njiani, msikitini, na hata msibani: Kwani gari lina nini? Mbona halitoki? Na wengine, kwa kukosa jawabu, wamejitungia jawabu zao wenyewe. Kwa hivyo tumeona yafaa tuieleze khabari hii yote katika gazeti letu kabla ya Mkutano Mkuu, ili kila mmoja aje akijua anachokipigia kura.

Khabari yenyewe ni hii. Mkutano Mkuu wa mwaka jana ulipokubali Jumuiya inunue gari lake, ulikubali kwa sharti. Wanachama walitaka gari lenye vifaa vya kumsaidia dereva, navyo walivitaja kimoja kimoja: kwanza, kamera ya nyuma pamoja na kengele ya kulia gari linaporudi rivasi, pili, breki inayojifunga yenyewe likitokea jambo mbele na dereva hakulishika mapema, tatu, kifaa cha kulizuia gari lisirudi nyuma linapoondoka mlimani, na nne, chombo cha kumwonya dereva anaposinzia au gari linapotoka upande wake. Sharti hilo liliandikwa katika kumbukumbu za mkutano, nasi ndio tulioliandika.

Wala sharti hilo halikuzuka tu. Msimu uliotangulia tulikuwa tukikodi gari, kama mnavyokumbuka. Siku moja, karibu na magharibi, gari hilo la kukodi lilikuwa likirudi nyuma katika uwanja wa mwanachama mmoja wa upande wa Konde. Majamvi yalikuwa yametandikwa, kina mama wamekaa wanachambua, na mtoto wa miaka mitatu au minne alikuwa amejilaza juu ya gunia tupu, nyuma ya gari khasa. Dereva hakumwona, wala hakuwa na njia ya kumwona. Utingo alikuwa juu anafungua turubali. Aliyemwona ni bibi mmoja aliyekuwa akitoka jikoni, naye akapiga ukelele, na gari likasimama. Gurudumu lilikuwa limeshalikanyaga jamvi. Sisi tulikuwapo. Tulikuwa tumesimama ubavuni mwa gari, daftari mkononi, tukihesabu magunia, na sisi pia hatukumwona.

Basi gari lililokuja halina hata kimoja katika vile vifaa vinne.

Yafaa tuseme wazi ilivyokuwa, kwani uwongo hauleti kheri katika Jumuiya. Tulipokuwa tukitafuta gari, muuzaji alituonyesha picha katika simu, nazo ni picha za gari lile lile, jina lile lile na sura ile ile, lenye vifaa vyote. Lakini zilikuwa picha za gari linalouzwa Ulaya. Huko sheria imewalazimisha watengenezaji. Tangu Novemba 2015 malori mapya makubwa, isipokuwa ya namna chache, hayana ruhusa kuuzwa katika nchi za Umoja wa Ulaya bila ya breki ya kujifunga yenyewe na kengele ya kuonya gari linapotoka kwenye mstari wake. Na tangu Julai 2024 gari jipya huko lazima liwe na chombo cha kumwonyesha dereva kilicho nyuma yake anaporudi rivasi. Gari la jina hilo hilo linapoagizwa kwa masoko mengine huweza kuja bila ya vitu hivyo, na bei yake ikapungua. Karatasi ya oda tuliyopewa tutie saini iliandika jina la gari, uwezo wake wa mzigo na rangi yake. Vile vifaa vinne haikuvitaja hata kwa neno moja. Tulitia saini.

Tumefundishwa tangu chuoni ya kwamba Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura ya Al-Baqara kuandika tunapodaiana, tena kuweka mashahidi. Sisi tuliandika katika kumbukumbu zetu, lakini hatukuandika katika karatasi ya muuzaji, na karatasi ile ndiyo yenye nguvu. Muuzaji anayo lawama yake, kwani mtu akionyesha samaki mmoja akauza mwengine si haki. Lakini hatuwezi kujificha nyuma ya lawama yake. Kosa la saini ni letu, nalo tunalikiri mbele yenu.

Baada ya kuandikiana barua na muuzaji huyo, amekubali jambo moja. Tukilirudisha gari kabla ya siku 60 kwisha, na likiwa halijafanya kazi, atalipokea na kuturejeshea fedha, ila atakata fungu moja katika kumi la bei. Kisha tukitaka ataagiza jengine lenye vifaa vyote kwa bei ya juu zaidi, nalo halitafika mpaka msimu huu umeshapita. Basi hilo ndilo lililo mbele yetu.

Wanachama wamegawika makundi mawili, na kila kundi lina watu wenye akili na wenye kuipenda Jumuiya.

Kundi la kwanza lasema: Rudisheni. Wanachama walitoa sharti, na sharti ni sharti. Fedha hizi zimo za wajane na za mayatima. Halmashauri ikisamehewa kosa hili leo, kesho itanunua mizani mibovu, na keshokutwa itajenga ghala isiyo na mlango, kisha itasema, basi na iwe, tumeshanunua. Tena wasema ya kuwa mtoto wa Konde aliokoka kwa ukelele wa bibi, na si kila siku bibi atakuwa akitoka jikoni.

Kundi la pili lasema: Wekeni. Msimu uko mlangoni. Karafuu haingoji barua za muuzaji. Ikishachumwa, ikalundikwa mbichi, huvunda na kupauka, nayo hushushwa daraja kituoni. Tukirudisha gari tutapoteza fungu la kumi, kisha tutakodi tena msimu mzima gari la watu, lile lile lililotaka kumkanyaga mtoto. Wazee wetu waliendesha malori katika kisiwa hiki miaka mingi, wala hapakuwa na kamera wala kengele. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Sisi tumelichunguza gari hili pamoja na fundi wetu na dereva wetu, siku mbili nzima. Kwa kila kifaa kinachokosekana tulijiuliza maswali mawili tu. Je, kazi ya kifaa hiki yaweza kufanywa na mtu? Na je, kifaa chenyewe chaweza kutiwa baadaye? Tuliyoyaona tunayaeleza hapa.

Kwanza yafaa tujue gari lina nini, kwani katika kulalamika tumesahau kutazama kilichopo. Gari lina mikanda mitatu ya viti, ya namna ile ya kupita begani na kiunoni, aliyoibuni mhandisi Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo mwaka 1959, na hata leo hapana kifaa katika gari kilichookoa watu kama mkanda. Lina breki za ABS, ambazo huzuia magurudumu yasigande dereva anapokanyaga kwa nguvu, ili gari lisiteleze na usukani uendelee kutii. Breki za namna hiyo zilianza kutiwa katika gari za Mercedes-Benz mwaka 1978, nazo ni kitu kikubwa katika barabara ya udongo mwekundu iliyorowa mvua. Tena lina breki ya ekzosi ya kupunguza mwendo katika mteremko bila ya kuzichosha breki za magurudumu. Vitu hivi, khasa ABS, si vitu vya kununua dukani na kuvipachika. Gari likija bila ya hivyo, basi ndivyo litakavyokufa. Hili limekuja navyo.

Sasa tuje kwenye vinavyokosekana.

Kifaa cha mlimani. Hiki hushika breki kwa muda mdogo dereva anapohamisha mguu, ili gari lisirudi nyuma. Ni kitu kizuri, na kisiwa chetu ni vilima na mabonde tangu Mkoani mpaka Konde. Lakini kazi yake ni ile ile anayoifanya dereva mzuri kwa breki ya mkono, na utingo akiwa na kabari ya mti tayari. Tulimjaribu dereva wetu katika mlima wa Mkoani, gari likiwa na mzigo wa mchanga, mara kumi. Halikurudi hata shubiri.

Kengele ya mstari. Chombo hiki kina kamera nyuma ya kioo cha mbele, nayo huangalia mistari iliyochorwa barabarani. Dereva akiivuka bila ya kuashiria, kengele hulia. Basi pahala pasipo mstari, kamera haina cha kuangalia. Njia tunazopita kwenda mashambani ni za udongo na kokoto, na mstari wake ni majani ya kando. Tena kioo cha mbele kikivunjika kikatiwa chengine, kamera hiyo lazima ipimwe upya kwa vyombo maalumu, nasi fundi wetu hana vyombo hivyo. Kifaa hiki hatukililii.

Breki ya kujifunga yenyewe. Hapa inatupasa tuwe waangalifu, kwani hapa ndipo kundi la kwanza lina haki kubwa. Breki hii hutazama mbele kwa rada na kamera. Ikiona gari jengine limesimama au linakwenda polepole, na dereva hafanyi kitu, humwonya kwanza kwa mlio, na asiposikia huifunga breki yenyewe. Ilipolazimishwa Ulaya mwanzoni ilikusudiwa khasa zile barabara kuu, malori yanapokwenda kilomita 80 kwa saa na mbele pana msururu wa magari yaliyosimama. Kwa mwendo huo gari hukata mita 22 katika sekunde moja. Kwa mwendo wa kilomita 40 hukata mita 11 tu. Na tena, mwendo ukiwa nusu, masafa ya kusimama kwa breki huwa robo. Kwa hivyo kuna watu wasemao, basi sisi twende polepole, hatuna haja nayo.

Maneno hayo ni kweli, lakini si kweli yote. Dereva aliyesinzia, hata kwa kilomita 40, hakanyagi breki kabisa, na hapo hesabu za masafa hazina maana. Msimu ukipamba moto dereva huamka kabla ya alfajiri, na gari la mwisho huondoka shambani baada ya isha. Utingo naye huwa amelala. Mashine haichoki; mtu huchoka. Na breki hii haiwezi kutiwa baadaye, si hapa wala Dar es Salaam. Hili ndilo pengo la kweli la gari letu, na mwenye kusema halina pengo asiaminiwe.

Mwisho, kamera ya nyuma na kengele yake. Kwa rai yetu hiki ndicho kifaa kilichokuwa na haja kubwa kuliko vyote, kwani khatari ya gari la karafuu haiko sana barabarani. Iko uwanjani. Gari letu halitakwenda kwa kasi, lakini kila siku ya msimu litarudi rivasi mara ishirini au thalathini katika viwanja vya watu, katikati ya majamvi, kina mama, watoto na kuku. Na karafuu kavu si nzito kama mchele. Gari hujaa kwa kimo kabla ya kujaa kwa uzito, na mzigo ukishapanda, kioo cha ndani hakionyeshi kitu ila magunia. Vioo vya kando huonyesha mbavu za gari, lakini ule upande wa nyuma khasa, penye bamba la namba, hauonekani kabisa.

Basi kifaa hiki kilicho muhimu kuliko vyote, ndicho rahisi kuliko vyote kukitia baadaye. Fundi wa umeme wa gari hukifunga kwa siku moja: kamera nyuma, kioo kidogo mbele ya dereva, na kengele. Tumeulizia bei yake, nayo haifiki thamani ya gunia moja la karafuu kavu.

Katika kikao cha halmashauri, mzee wetu mmoja aliyechukua karafuu kwa gari la ng'ombe tangu ujana wake, alisikiliza maelezo haya yote, kisha akasema: "Ng'ombe wangu akimwona mtoto njiani husimama mwenyewe, hata nikiwa nimelala juu ya magunia. Nyinyi mmenunua ng'ombe kipofu. Ng'ombe kipofu hufanya kazi, lakini lazima awe na mtu wa kumshika kamba, na mtu huyo asilale." Tuliandika maneno yake katika kumbukumbu, kwani tangu barua ya kwanza mpaka ya mwisho hatukupata maelezo yaliyotuingia akilini kama hayo.

Maana yake, kama tulivyoyafahamu sisi, ni haya. Kila kifaa kinachokosekana katika gari ni kazi iliyobaki bila ya mwenyewe. Tukiliweka gari, kazi hiyo lazima ipewe mtu, kwa jina lake, na mtu huyo aulizwe. Asipopatikana mtu, gari halifai, hata lingekuwa jipya vipi na hata tungepoteza fungu ngapi la kumi.

Kwa wale wasemao kuwa wazee wetu waliendesha bila ya haya yote, tunawajibu kwa adabu. Ni kweli waliendesha. Lakini kila mmoja wetu, akikaa kitako akihesabu, atakumbuka katika ukoo wake au kijiji chake mtu aliyekwenda na lori au aliyekanyagwa na lori. Shirika la Afya Ulimwenguni limetoa hesabu ya kuwa katika mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani, na kanda ya Afrika, tukilinganisha na idadi ya watu, ndiyo iliyopoteza wengi kuliko kanda zote. Zamani hapakuwa na kamera kwa sababu hazikuwapo. Wazee hawakukataa kitu kilichokuwapo. Sisi leo tunajua, na mwenye kujua hana udhuru.

Basi rai yetu ni hii: gari liwekwe, lakini liwekwe kwa masharti, na masharti hayo yapigiwe kura pamoja na gari, kwa kura moja. Masharti tunayoyaleta mbele ya Mkutano ni sita.

1. Gari lisitoke ghalani kwa kazi yoyote, hata ya siku moja, mpaka kamera ya nyuma na kengele zimefungwa na kujaribiwa mbele ya wajumbe watatu wasiokuwa wa halmashauri.

2. Gari linaporudi rivasi uwanjani, utingo ateremke kila mara, asimame nyuma pahala anapoonekana katika kioo cha dereva, na dereva asitie rivasi mpaka amemwona na kupewa ishara. Kamera isiwe sababu ya utingo kukaa ndani. Lenzi hujaa tope, na tope halina taarifa.

3. Gari lisiende baada ya magharibi. Karafuu iliyochelewa ilale uwanjani kwa mwenyewe mpaka asubuhi.

4. Asipande mtu yeyote juu ya mzigo, awe mchumaji, mwenye karafuu, au mjumbe wa halmashauri.

5. Dereva na utingo walipwe kwa mwezi, wasilipwe kwa safari. Mwenye kulipwa kwa safari hufukuza safari, na sisi ndio tunaomfukuzisha. Na katika siku za kazi nyingi wawepo madereva wawili wa kupokezana.

6. Tangu sasa karatasi yoyote ya kununua kitu kikubwa cha Jumuiya isomwe kwa sauti mbele ya mshika fedha, fundi na wanachama wawili wa kawaida, pamoja na kumbukumbu za mkutano ulioamua, kabla ya katibu kutia saini.

Tunajua ni sharti gani litakaloumiza. Ni la tatu. Mwenye shamba aliyechuma tangu asubuhi, akaanika siku tano, akatia magunia, hataki kuambiwa usiku uingiapo kwamba mali yake ibaki uwanjani. Atakhofu mwizi, atakhofu mvua, atasema Jumuiya ina gari na mimi nalala macho. Na wa nne utawaumiza wachumaji, ambao wamezoea kurudi makwao juu ya magunia badala ya kwenda kwa miguu. Hatuyadharau mambo haya. Tunayajua kwa sababu na sisi ni wenye mikarafuu. Lakini breki ile isiyokuwapo ndiyo ingemwamsha dereva usiku. Na kwa kuwa haipo, usiku lazima tuuache. Hatuwezi kuuchukua usiku na kuikosa breki vilevile.

Ili kupunguza uzito huo, tunapendekeza kila tawi lipeleke orodha ya magunia yake ghalani kabla ya adhuhuri, ili gari lipangiwe njia na wale wa mbali wachukuliwe mwanzo. Mara nyingi gari huchelewa kwa sababu hapana aliyejua nani yuko tayari na nani bado. Likipangwa vyema, mzigo utakaolala utakuwa mdogo, Insha'Allah.

Liko jambo moja la mwisho, nalo latuhusu sisi wenyewe. Gharama ya kamera na kengele isitoke katika mfuko wa wanachama. Tumemwandikia muuzaji achangie nusu, na mpaka tunapiga chapa gazeti hili hajajibu. Akijibu au asijibu, fedha hizo zitatoka katika posho yetu ya ukatibu ya msimu huu. Wanachama hawakukosea, na aliyekosea hafai kuwalipisha. Kama Mkutano utaona haitoshi, na kwamba Jumuiya yahitaji katibu mwengine, daftari zote ziko tayari na funguo ziko mezani.

Na ikiwa Mkutano utasema, gari tunalitaka lakini masharti hatuyataki, basi sisi, kwa kura yetu moja tuliyo nayo kama mwanachama yeyote, tutapiga kura gari lirudishwe. Tutapoteza fungu la kumi, tutakodi, tutataabika msimu mmoja. Fedha hupotea zikarudi. Yule mtoto wa Konde mwaka huu ameanza chuoni. Tulimwona juzi akipita mbele ya ghala na juzuu yake kifuani, akasimama kulitazama gari jipya.

Tulifundishwa kuwa mtu humfunga ngamia wake kwanza, kisha ndipo akatawakali. Gari letu limekuja bila ya kamba. Kamba tunaweza kuisokota wenyewe, lakini lazima tukubaliane nani ataishika.

Mkutano Mkuu utakuwa ghalani Wete, baada ya sala ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu, nazo siku 60 zitakuwa bado hazijatimia. Gari litakuwa wazi tangu asubuhi ili kila mwanachama alitazame. Tunawaomba khasa kina mama wanaochambua wahudhurie, kwani wao ndio wanaokaa nyuma ya gari, na rai yao katika jambo hili ina uzito kuliko ya sisi tunaokaa na daftari.

Mwenyezi Mungu atujaalie msimu wa kheri, na atulinde sisi na watoto wetu. Amin.

Katibu wa Jumuiya